Barua kwa mwanangu: Kuhusu mashairi unayotaka kuyachana

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, barua yako tumeipata, na mashairi uliyoyaambatanisha nimeyasoma yote, mengine kwa sauti kama ipasavyo. Umeniuliza mambo mawili: kwanza, kama kweli una kipaji au walimu wako walikuwa wakikutia moyo tu, pili, kama si afadhali uyachane haya yote na kuitumia likizo yako nzima kutunga shairi moja lililokamilika, ambalo hutaona haya kuliweka mbele za watu. Hilo la kuchana silikubali hata kidogo, na sababu zangu nimezipata katika karatasi zako mwenyewe.

Chukua shairi lako la mwanzo, lile la upepo wa kusi. Linaanza hivi: "Bahari imechafuka, mawimbi yavuma sana." Mizani, yaani silabi, ni 16, nane kila upande, wala hakuna wa kukulaumu kwa upande wa arudhi, yaani kanuni za utungaji. Lakini hilo "sana" halikuletwa na maana. Limeletwa na kina cha "na" pamoja na mizani mbili zilizokuwa zimepungua. Katika shairi moja, jambo hilo halimsimamishi msomaji. Nilipoyapanga yote mezani kwa kufuata tarehe, ndipo nilipoliona "sana" limeketi mwishoni mwa mshororo katika shairi la msiba, katika lile la harusi ya binamu yako, na hata katika lile la foleni ya maji, ambalo kwa kweli lilinichekesha. Kisha nikafika kwenye shairi la mwisho, ambalo umeandika pembeni kwamba ndilo baya kuliko yote, nikakuta: "Upepo umegeuka, mashua zakimbizana." Kina ni kilekile na mizani ni zilezile, ila sasa kina kimebebwa na kitenzi, na msomaji anaziona mashua zenyewe. Hakuna aliyekufundisha hilo. Umelipata kwa kuyaandika yale ya katikati, ambayo ndiyo unayotaka kuyachana.

Kipaji sikikatai. Wapo watoto wanaosikia kwamba mizani imepungua kabla hawajajua kuhesabu silabi kwa vidole, na wewe ulikuwa mmoja wao. Hata hivyo, sikio la namna hiyo hukuambia tu kwamba mshororo umelemaa. Namna ya kuutengeneza huipati mpaka uwe umeshatengeneza mingi.

Unasema kazi ya ofisini huko Dodoma haikuachii nafasi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 hapa kwetu Machui, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akakaa humo hadi 1944, na baadaye akaendelea kuajiriwa katika idara nyingine za serikali. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20, baadhi yake vikachapishwa yeye akiwa hayupo tena. Utenzi wake wa Vita vya Pili vya Dunia una beti zipatazo 3,000, na kwa kuwa kila ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, hivyo ni vipande vipatavyo 12,000. Watu wakimtaja husema "kipaji", na ni nadra kumsikia mtu akitaja ule ukarani. Mimi hupenda kuihesabu kazi yake kwa vipande, kwa sababu hamu ya kuandika aliyonayo mtu siku ya kwanza haiwezi kumfikisha huko. Baada ya mamia ya mwanzo, kinachomsukuma ni mazoea ya kukaa kitako na kuandika.

Usinielewe vibaya ukadhani nakutaka uongeze idadi tu. Mtu anaweza kutunga mashairi mia moja ya tarbia, yaani ya mishororo minne kila ubeti, kwa vina vilevile vya "na" na "ka", akawa ametunga shairi moja mara mia. Kwa hiyo kila shairi jipya lipe ugumu ambao la jana halikuwa nao: jipangie kina kisicho na maneno mengi, jizuie kutumia neno la kujaziliza mizani, au chukua shairi la mtu mwingine gazetini ulijibu kwa vina vyake mwenyewe, kama walumbi wetu walivyozoea. Nusu saa baada ya Isha inatosha kwa ubeti mmoja. Ubeti ukikukataa, umalize hivyo hivyo ulivyo, uweke tarehe, ulale. Shairi lisilokamilika halikuonyeshi udhaifu wako wote, kwa maana aghalabu tatizo hujitokeza pale kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho, wakati mtunzi anapotafuta namna ya kutoka.

Na kuhifadhi nako ni sehemu ya kazi. Mashairi mengi ya Muyaka, malenga wa zamani wa Mombasa, yangepotelea vichwani mwa wazee kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya kwa kuyaandika. Wewe huna Mwalimu Sikujua, basi nunua daftari lenye jalada gumu. Kila baada ya miezi michache lisome lote kwa mkupuo, kalamu ikiwa mkononi, utie alama pale unapoona jambo lile lile limejirudia.

Ukitaka kuonyesha watu, usianze na wale wanaokupenda. Tafuta mmoja anayejua arudhi na mwingine asiyeijua kabisa. Wa kwanza atakuambia ulipokosea, wa pili atakuambia alipochoka kusikiliza, na mara nyingi huyo wa pili ndiye mwenye faida zaidi.

Mama yako anakusalimu. Shairi la mashua nimemsomea, naye anasema kwamba katika ubeti wa tatu umetweka tanga kabla ya kusimamisha mlingoti, jambo ambalo mtoto wa Tanga hakutarajiwa kulifanya. Nimeusoma tena ubeti huo na naona amesema kweli. Urekebishe, unitumie pamoja na hilo utakalotunga baada yake.

Baba yako