Babu wa babu ni nani? Maswali yenu ya ukoo

Assalaam alaikum. Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, maswali ya nasaba ya watu wa Unguja na Pemba yamenijaa, nadhani watu walikutana sikukuu wakaanza kubishana nani ndugu wa nani. Najibu nnayoyaweza.

*Maalim, nyumba yetu Wete iliungua na makaratasi yote. Naanzia wapi?*

Anza na khitma mwanangu. Ile karatasi ya majina anayopewa shekhe awarehemu maiti wenu, inakili yote, hapo ushapata vizazi vitatu au vinne bila kutoka nyumbani, na ukikuta jina ambalo hakuna anayemjua basi hilo ndo la kulishikilia. Mie kwetu nlikuta jina la mwanamke, kila nnayemuuliza ananambia "wewe soma tu", kumbe ni mama yake bibi, aliachwa akarudi kwao Tumbatu na watu wakaona aibu kumtaja. Halafu waulize jamaa kama kuna msahafu wa zamani au kitabu cha maulidi, wazee wengine walikuwa wakizaliwa watoto wanaandika kwenye karatasi ya mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Tarehe tu uziangalie, ukiona 1342 usidhani mtu alikosea 1942, hiyo Hijria, ni 1923 au 1924. Na kama babu alipata zile eka tatu serikali ilizogawia watu baada ya Mapinduzi ya 1964, itafute hati yake. Hakuna hati? Nenda kwa waliopakana naye shamba, hao watakutajia jina lake mpaka la babu yake, maana waligombania mikarafuu.

*Bibi hajui kazaliwa mwaka gani. Tufanyeje? (Jang'ombe)*

Mwaka usimuulize. Muulize vita vya ng'ombe, zile ghasia za wakulima waliokataa ng'ombe wao wachanjwe, vilimkuta wapi, alikuwa kigori au keshaolewa? Hiyo ni 1951. Anaikumbuka rupia? Shilingi iliingia 1936. Sultani Seyyid Khalifa alipofariki alikuwa na watoto wangapi? 1960 hiyo. Ukimuuliza hivo hakosei sana.

*Baba anasema sisi Washirazi, ami anasema Wahadimu. Nipime DNA nimalize?*

Hutomaliza kitu, utaongeza ugomvi. Washirazi wanajinasibu na Shiraz ya Uajemi, Wahadimu ni wenyeji wa Unguja. Hata kwenye sensa za Mwingereza watu walikuwa wanabadilika, 1924 wengi waliandikwa Waswahili, ilipofika 1931 Waswahili karibu wote hawapo, wamekuwa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, na watu ni wale wale. Mwaka 2023 wataalamu walitoa utafiti wa mifupa ya kale ya miji ya pwani, Mtwapa, Kilwa na kwengineko, wakakuta upande wa akina mama wengi asili yao Afrika na upande wa akina baba mchango mkubwa ni wa Uajemi, mchanganyiko wenyewe wa tangu kama mwaka 1000. Kwa hiyo baba na ami wote wana lao. Ila kipimo hakikupi jina la mtu hata mmoja, na pesa yake si ndogo.

*Nimefika kwa babu mmoja ana jina moja tu, hana baba. Nyumbani wote wamenyamaza.*

Hapa nnaomba uwe mpole nao. Jina moja bila baba mara nyingi ni mtu aliyeletwa utumwani. Amri ya kuwatambua huru ilitoka Aprili 1897 na mabwana waliowamiliki walilipwa fidia, kwa hiyo kuna kilichoandikwa, nenda ofisi ya Nyaraka, Kilimani mjini Unguja, ukaombe kumbukumbu za walioachwa huru, nenda na jina la aliyemmiliki na la shamba, si la babu peke yake. Wengine waliokolewa baharini kwenye majahazi ya watumwa, miaka ya 1870 misheni ikawaweka Mbweni, hao waulizie kanisani. Na usisahau masuria, wao waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909, na watoto wao wakichukua jina la baba wakawa huru, ndo maana utakuta ukoo mzima una majina ya Kiarabu mstari kwa mstari lakini mama hatajwi. Ati kila mtu katoka Oman au Shiraz, je hao waliolima karafuu wamekwenda wapi? Ni sie.

*Nimrikodi bibi kwa simu?*

Mrikodi, mwambie lakini. Mwanzo atazungumza kama yuko redioni. Subiri msimu, kaa naye mkekani mchambue karafuu, ikifika pishi ya pili keshaisahau simu.