Mahindi ya Namanga: mpaka ukifungwa ghafla

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili zuio la ghafla la mahindi hapo Namanga, mpaka wa Tanzania na Kenya, lisikukute na mzigo barabarani. Tazama ya Machi 2021: Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu), na baada ya siku chache ikafungua kwa masharti. Mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi 10 ppb (sehemu 10 kwa kila bilioni), na cheti cha asili kitaje wilaya yalikolimwa. Wenye karatasi ndio waliopita kwanza.

Kwa hiyo pima kabla ya kupakia. Unyevu usizidi 13.5%. Hapo kwenye sampuli ndipo wengi huharibu: wanachota gunia la juu tu, wakati sumukuvu hukaa kwa mabaka. Chomeka bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya, ndipo upeleke maabara. Mahindi yasiyokauka vizuri yakikaa foleni siku tatu chini ya turubai yanatoa jasho, ukungu unaanza, na cheti chako kizuri hakitakusaidia wakipima upya.

Usiweke mtaji wote kwenye lori moja. Na mwandikiane na mwenye lori, kabla halijaondoka, nani analipa siku za kusubiri. Gharama hiyo ndiyo inayokula faida kimyakimya kuliko hata bei kushuka.

Mzigo usiozidi dola 2,000? Ulizia cheti cha asili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hutolewa hapo hapo mpakani.