502 tatu za duka la vitenge: Nginx hana kosa

SWALI

Shikamoo fundi. Nimemtengenezea mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo mfumo wa kupokea oda, nimetumia Django, zana za Python za kujengea tovuti. Nimekodi seva ndogo ya Ubuntu 22.04 yenye RAM ya GB 1, mbele nimeweka Nginx. Mwanzoni nilikuwa nawasha kwa runserver, amri ya Django ya kujaribia, kama ninavyofanya nyumbani. Nikifunga kompyuta nikalala, asubuhi mama ananipigia simu: ukurasa umeandika 502 Bad Gateway. Rafiki yangu akaniambia niachane na runserver, niweke Gunicorn na systemd. Nimeweka, na faili la soketi liko kwenye folda yangu, /home/kazi/duka. Sasa 502 inatoka hata nikiwa nimekaa palepale. Nikiwasha Gunicorn kwa mkono kwenye poti 8000 inakubali, ila mama akiomba ripoti ya mwezi inazunguka kama nusu dakika halafu 502 tena. Nimewasha Nginx upya nadhani mara kumi. Juzi ilikata saa tatu usiku, nikaenda kusoma logi za saa hiyo, hakuna kitu kabisa. Nakosea wapi?

Kijana wa Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Mjumbe hauawi, na Nginx hapo ni mjumbe tu. Mwache apumzike. Umenieleza 502 tatu, na hayo ni magonjwa matatu yenye homa moja.

Chukua hilohilo duka la mama. Mteja anasimama kaunta, kijana wa kaunta anapokea oda, anapanda ngazi mbio kwenda stoo kuleta mzigo. Nginx ndiye kijana wa kaunta. Gunicorn, akiwa na Django yako ndani, ndiyo stoo. Soketi au poti ndiyo mlango wa stoo, na systemd ni msimamizi wa Linux anayeamsha huduma kama hizo. Ukiona 500, stoo imefunguliwa ila aliyemo ndani amevurunda, yaani kosa limo kwenye msimbo wako. Ukiona 504, kijana amesubiri mlangoni hadi akachoka, na Nginx usipomwambia vingine huchoka baada ya sekunde 60. Sasa 502 ni pale alipofika stoo akarudi bila jibu la maana: mlango haupo, au umefungwa, au askari amemzuia ngazini, au amefunguliwa kisha akafungiwa usoni. Mteja anaonyeshwa namba moja tu. Lakini kijana anajua kilichompata, na amekiandika:

sudo tail -n 50 /var/log/nginx/error.log

Kwenye mistari hiyo tafuta maneno yanayofuata neno failed. `2: No such file or directory` maana yake soketi haipo pale ulipomwelekeza, na mara nyingi ni kwa sababu Gunicorn hajaamka kabisa. `111: Connection refused`, anuani ipo lakini hakuna anayesikiliza. `13: Permission denied`, soketi ipo ila Nginx hana ruhusa ya kuifikia. Na ukikuta `upstream prematurely closed connection`, huyo alishaanza kuhudumiwa, mhudumu akafa katikati. Mstari mmoja kati ya hiyo unakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Na ile saa tatu yako, ilikuwepo kwenye logi. Seva nyingi za kukodi zinakwenda kwa saa za UTC, saa ya dunia ya kulinganishia, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa tatu usiku ya hapa Dar ni 21:00, kwenye logi inaandikwa 18:00. Changanya hiyo na hesabu yetu ya saa za Kiswahili, mtu anaweza kutafuta 03:00, akatafuta 09:00, akatafuta 21:00, na zote siyo. Mimi mwenyewe nimewahi kukesha nikisoma mistari ya muda ambao hakuna kilichotokea. Ukitaka kuachana na hesabu hizo:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Kisha washa upya huduma zako ili nazo zifuate saa mpya. Hapo tu ndipo nakuruhusu uwashe Nginx upya.

Ugonjwa wa kwanza, ule wa asubuhi, rafiki yako ameshautibu. Runserver imefungwa kwenye terminali uliyoiwashia. Terminali ikifa, nayo inakufa, na Nginx anabaki kuandika 111 usiku kucha. Hata wenye Django wenyewe wanaonya kwenye maelezo yao kwamba runserver si ya kazi halisi.

Wa pili ndio uliokuumiza kichwa, na nina uhakika logi yako imeandika 13. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya kila mtumiaji mpya inafungwa kwa ruhusa za 750, yaani mtu asiye mwenye folda wala mwanakundi wake hapiti hata mlangoni. Nginx kwenye Ubuntu anaendeshwa na mtumiaji anayeitwa www-data. Soketi yako inaweza kuwa wazi kwa dunia nzima, lakini kama /home/kazi imefungwa, www-data ataifikiaje? Ndiyo maana kwa poti 8000 ilikubali: poti haipiti kwenye folda ya mtu. Jionee mwenyewe kwa amri hii, inakuonyesha ruhusa za kila folda njiani:

namei -l /home/kazi/duka/duka.sock

Mtandaoni utakuta watu wanakwambia upige chmod 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, yaishe. Niliwahi kuwasikiliza. Nikafungua folda yote ya nyumbani pamoja na vilivyomo ndani, ukurasa ukafunguka, nikalala kwa furaha. Asubuhi seva ikakataa kuniingiza, kwa sababu SSH, njia ya kuingilia seva ukiwa mbali, haiuamini ufunguo uliohifadhiwa kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuandika. Nilikuwa nimejifungia nje. Usifanye hivyo. Hamisha mfumo wote utoke nyumbani kwa mtu, uweke /srv/duka, na soketi iwe chini ya /run. Tengeneza mtumiaji wa kazi hiyo peke yake, tumwite duka, umpe umiliki wa folda hiyo. Halafu faili la /etc/systemd/system/duka.service liwe hivi:

[Unit]
Description=Mfumo wa oda
After=network.target

[Service]
User=duka
Group=www-data
WorkingDirectory=/srv/duka
RuntimeDirectory=duka
EnvironmentFile=/etc/duka.env
ExecStart=/srv/duka/venv/bin/gunicorn --workers 3 --bind unix:/run/duka/duka.sock duka.wsgi:application
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kama folda yenye wsgi.py kwenye mradi wako haiitwi duka, badilisha jina hilo la mwisho. RuntimeDirectory inaiambia systemd itengeneze /run/duka kila huduma inapoamka, maana vilivyomo /run hufutika seva ikizimwa. Upande wa Nginx andika `proxy_pass http://unix:/run/duka/duka.sock;` kisha `sudo nginx -t`. Ikikwambia faili ni zima, piga `sudo systemctl reload nginx`.

Tahadhari moja kwenye kuhama: venv, ile folda ya vifurushi vya Python vya mradi wako, haihamishiki. Ndani yake imeandikwa njia kamili ya mahali ilipozaliwa, ukiibeba tu kwenda /srv, systemd itakutupia `status=203/EXEC` na utadhani umelogwa. Itengeneze upya hukohuko kwa python3 -m venv, kisha pip install -r requirements.txt, na uhakikishe gunicorn yumo kwenye orodha hiyo. Na EnvironmentFile usiiruke, siri za mfumo ziandike kwenye faili hilo la /etc/duka.env. Nywila ya hifadhidata uliyoiweka kwenye .bashrc, systemd haiioni kamwe, kwa sababu haipiti kwenye shell yako. Ndiyo maana mfumo unaweza kukubali ukiuwasha kwa mkono na kufa ukiwashwa na systemd. Makosa ya aina hiyo hayaandikwi kwenye logi ya Nginx, yako hapa:

sudo journalctl -u duka -n 50

Ukitaka kujua tatizo liko kaunta au stoo, mruke kijana wa kaunta, kagonge stoo mwenyewe:

sudo curl -i --unix-socket /run/duka/duka.sock http://localhost/

Ukijibiwa 400 usihuzunike. Huyo ni Django analalamika kwamba localhost haimo kwenye ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ya tovuti anayoyakubali. Ilimradi amelalamika, yuko hai.

Twende kwenye ripoti ya mwezi. Ulitaja nusu dakika bila kujua umenipa jibu. Angekuwa Nginx amechoka kusubiri ingechukua dakika nzima na ungeona 504. Sekunde 30 ni za Gunicorn: kibarua wake (worker) akikaa na kazi moja muda huo bila kuitikia, bwana mkubwa anamuua na kumleta mwingine. Kwenye journalctl utakuta `WORKER TIMEOUT`. Unaweza kuongeza `--timeout 120` kwenye ExecStart, na proxy_read_timeout ya Nginx nayo uipandishe ifike hapohapo, mama apate ripoti yake wiki hii. Ila hiyo ni panadol.

Dawa ni kuuliza kwa nini ripoti ya duka moja ichukue nusu dakika. Naweza kukisia kwamba unazunguka kwenye orodha ya oda, na kwa kila oda unasoma jina la mteja. Kila ukigusa `oda.mteja.jina`, Django inakwenda tena kwenye hifadhidata. Oda 4,000 ni safari 4,000 za ziada, kama kijana anayepanda stoo kuchukua kitenge kimoja kimoja badala ya kubeba robota. Andika `Oda.objects.select_related("mteja")` na safari zote hizo zinakuwa moja. Jumla za mauzo usizipige kwa Python, iachie hifadhidata kwa aggregate na Sum. Ikibaki nzito hata baada ya hapo, itoe kwenye ombi la ukurasa kabisa, itengenezwe pembeni kwa Celery, zana ya kufanya kazi nzito nyuma ya pazia, au kwa cron, ratiba ya Linux, ya usiku, mama aikute tayari.

Kwa seva ya GB 1 angalia pia jambo hili: `sudo dmesg -T | grep -i killed`. Ukikuta jina la gunicorn, kumbukumbu iliisha na Linux ikaua mtu ili seva ipone. Kanuni ya wenye Gunicorn ni vibarua mara mbili ya kori (core za CPU) za seva, ongeza mmoja, ndiyo maana nimeandika 3 nikidhani una kori moja. Lakini kila kibarua anabeba Django yake, na kama hifadhidata nayo iko kwenye mashine hiyohiyo, shuka hadi 2.

Baada ya kuhifadhi faili, piga `sudo systemctl daemon-reload`, kisha `sudo systemctl enable --now duka`. Hiyo enable ndiyo inayofanya huduma iamke yenyewe seva ikizimika na kuwaka tena. Halafu fanya jambo ambalo wengi wanaogopa: `sudo reboot`, mchana, wewe ukiwa macho. Kanywe chai dakika mbili, ufungue ukurasa kwenye simu bila kuingia kwenye seva kabisa. Ukifunguka, mpigie mama mwambie aombe ripoti. Ukikataa, nitumie mistari kumi ya mwisho ya error.log na kumi ya journalctl, ila futa nywila kwanza.