Siku ya Mwisho ya Opsheni si Sawa na ya Waranti

Wanaoanza kununua opsheni na waranti za hisa za Marekani hutumia nguvu nyingi kukisia kama bei itapanda au itashuka. Anza kwa kusoma masharti ya siku ya mwisho. Hata aliyekisia sawasawa hupoteza fedha hapo.

Zote mbili zinakupa haki, bila kukulazimisha, ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo, yaani bei ya utekelezaji, hadi siku ya mwisho. Kuitumia haki hiyo ndiyo kutekeleza. (Zipo pia opsheni za kuuza, lakini hapa tunazungumzia za kununua.)

Mkataba mmoja wa opsheni kwa kawaida ni wa hisa 100. Opsheni yenye bei ya utekelezaji ya dola 50 ikiuzwa dola 3 kwa kila hisa, utalipa dola 300. Hisa ikifika dola 58, ukitekeleza unatoa dola 5,000 na kupata hisa za dola 5,800. Ukiondoa zile 300, faida ni 500 kabla ya ada na kodi. Ila usikimbilie. Ikiwa zimebaki wiki kadhaa, opsheni hiyo inaweza kuwa inauzwa dola 9.20, kwa sababu wanunuzi wanalipia pia muda uliobaki. Ukiiuza unapata dola 920. Ukiitekeleza unapata tofauti ya dola 800 tu, na 120 umezitupa. Kwa hiyo kutekeleza mapema kuna maana hasa pale gawio linapokaribia, nalo ni kubwa kuliko thamani ya muda uliobaki, kwa kuwa mwenye opsheni hapewi gawio.

Siku ya mwisho, hisa ikifunga hata senti 1 juu ya bei ya utekelezaji, OCC, taasisi inayosimamia malipo ya opsheni Marekani, huitekeleza yenyewe usipotoa maagizo mengine. Hapo ndipo mgeni hunaswa: akaunti ina dola 400, inadaiwa 5,000. Madalali wengi huiuza opsheni hiyo saa za mwisho za soko bila kukuuliza, kwa bei yoyote iliyopo. Iuze mwenyewe mapema, au mwagize dalali asiitekeleze. Soko la New York hufunga saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na saa 6 usiku wakati wa majira yao ya baridi. Maagizo ya kutekeleza au kutotekeleza huruhusiwa saa moja na nusu zaidi, lakini dalali wako anaweza kufunga dirisha lake mapema kuliko hapo.

Waranti ni kinyume chake: haijitekelezi. Huitoa kampuni yenyewe, fedha zako huingia kwa kampuni, na hisa mpya huzalishwa, hivyo fungu la wenye hisa wa zamani hupungua. Nyingi utakazokutana nazo ni za kampuni ziitwazo SPAC, zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ili tu kuungana na kampuni nyingine. Masharti ya kawaida: bei ya utekelezaji dola 11.50, muda wa miaka 5 baada ya muungano.

Soma kwa makini kifungu cha kukomboa. Mara nyingi hisa ikifunga dola 18 au zaidi kwa siku 20 kati ya siku 30 za soko, kampuni inaweza kutoa notisi ya siku 30, kisha kuzichukua waranti zilizobaki kwa senti 1 kila moja. Mwenye waranti 1,000, hisa ikiwa dola 19, ana thamani ya dola 7,500. Asipochukua hatua anapewa dola 10.

Ukipata notisi, tafuta mkataba wa waranti kwenye EDGAR, hifadhi ya nyaraka ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani, uangalie waranti ngapi hutoa hisa moja. Nyingine zinahitaji mbili. Kisha mwandikie dalali, si kumpigia tu, umwulize ada na siku yake ya mwisho, ambayo huwa kabla ya ile ya kampuni. Weka fedha mapema: waranti 1,000 zinahitaji dola 11,500. Mkataba ukiruhusu kutekeleza bila kutoa fedha, yaani kupewa tofauti ya bei kwa hisa, gawanya 7,500 kwa 19: utapata hisa 394, na kipande kinachobaki hushughulikiwa kama mkataba unavyosema. Dalali asiyeshughulikia waranti kabisa anakuachia njia moja, kuziuza sokoni kabla dirisha halijafungwa.