Tulimfunga kamba tukampeleka hospitali: je, tulimdhulumu ndugu yetu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu anauza dagaa pale Mwaloni. Mwaka jana akili ilimruka: halali, anaongea peke yake, na usiku anaingia ziwani akisema anaitwa. Tulimdanganya tunakwenda kupokea mzigo. Alipogoma, vijana wa mtaani walimfunga kamba, wakampitisha sokoni na kumpakia kwenye bajaji. Akalazwa, akachomwa sindano kwa nguvu. Alipata nafuu, lakini anasema tulimuuza. Sasa ameacha dawa na usingizi umeanza kumpotea. Mama anataka apelekwe vilevile kabla hajachafuka. Mjomba anataka apelekwe kwa mganga visiwani, ambako wagonjwa hufungwa minyororo. Je, tulipata dhambi? Na siku za Ramadhani alizokula akiwa wodini, azilipe?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, la mganga halina maneno mengi: msimpeleke. Mnyororo si tiba wala si ruqya, yaani kisomo cha kumtibu mgonjwa. Mkitaka asomewe Qur'ani, asomewe nyumbani akiwa huru, na kisomo hakizuii dawa, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Kumpeleka hospitali bila ridhaa yake mtu anayeingia majini usiku hakukuwa dhambi. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo inaruhusu mgonjwa alazwe bila hiari kwa masharti. Lakini mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Dharura yenu ilikuwa kumzuia asizame. Uongo wa mzigo haukuwamo humo, wala kumpitisha sokoni amefungwa kama mbuzi wa mnadani. Hapo mna deni naye, na haki ya mja haiishii kwenye istighfari, kumwomba Mungu msamaha. Mwendeeni mumwombe radhi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni la mama. "Kabla hajachafuka" maana yake leo akili anazo. Hadithi inasema kalamu imeondolewa kwa mwenye wazimu, yaani haandikiwi dhambi, mpaka apate akili. Akizipata, kalamu imemrudia, na neno lake ni neno la mtu mzima, hata kama mwaka jana alikuwa hajitambui. Leo haburutwi huyo. Anaombwa.

Katika Sahih Muslim, Anas (r.a.) anasimulia kwamba mwanamke mwenye kasoro ya akili alimwambia Mtume (s.a.w.) ana haja naye. Mtume akamjibu atazame njia yoyote aitakayo, naye atamtimizia haja yake. Wakasimama kando ya njia mpaka akamaliza shida yake. Wahubiri wengi huishia kwenye unyenyekevu wa Mtume. Mimi naona na hili: mwenye kuchagua njia alikuwa yule mwanamke.

Nchi nyingi sasa zinatafuta namna ya kupunguza ulazaji wa nguvu, na Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaosisitiza ridhaa ya mgonjwa. Njia moja ambayo tafiti zimeonyesha inasaidia ni mgonjwa kukaa na ndugu na daktari akiwa mzima, wakaandika anachotaka kifanyike siku akizidiwa: nani amsindikize, dawa ipi inamfaa na ipi inamtesa, dalili gani yeye mwenyewe anakubali kuwa ni za hatari. Muislamu anayeandika wasia wa mauti hashindwi kuandika huu.

Muulizeni pia kwa nini ameacha dawa. Nyingine hutia usingizi mzito, na mfanyabiashara wa dagaa anatakiwa sokoni alfajiri. Nyingine hukakamaza misuli, au hupunguza nguvu za kiume, na hilo kijana hamwambii dada yake wala mama yake. Rafiki yake ndiye amuulize. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, akijua tatizo. Kliniki ya hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, mwende naye kwa miguu yake, wiki hii, kabla usingizi haujapotea kabisa.

Akikataa yote hayo na hatari ikarudi kweli, inaruhusiwa kumpeleka kwa nguvu. Wampeleke aliowachagua mwenyewe, aambiwe ukweli anakwenda wapi, asitiriwe njiani, na msimtupe wodini bila kumtembelea. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anakataza kuwaachia mali wasioweza kuitunza, na hapohapo anaamrisha walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mema. Kumzuia mtu hakukuondolei wajibu wa kusema naye vizuri.

Kuhusu Ramadhani, kwa madhehebu ya Imam Shafi siku ambazo akili ilikuwa imeondoka halipi, wala sala zake. Alizokula kwa ajili ya dawa akili ikiwa imesharudi, atalipa siku kwa siku atakapoweza. Kama idadi haikumbuki, akadirie mwenyewe mpaka aridhike kuwa amemaliza, msimhesabie nyinyi.

Wallahu a'lam.