Mikono inakufa ganzi safarini: nibadilishe magurudumu au nilegeze spoku?

Swali: Habari za kazi, fundi. Naendesha baiskeli ya barabarani yenye fremu ya alumini na breki za diski. Nina kilo 84, na baiskeli pamoja na maji na vifaa inafika kilo 11. Matairi ni ya mm 25, ringi zina upana wa ndani wa mm 17, na najaza psi 110 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi. Safari zangu ni kilomita 120 hadi 160. Zikipita saa tatu mikono inakufa ganzi na mgongo unauma kwa mtikisiko. Nimepewa ushauri wa namna mbili: nilegeze kila spoku robo mzunguko ili gurudumu "lipumue", au ninunue magurudumu ya kaboni yenye kina cha mm 50, yaani ringi ndefu kutoka kwenye tairi kuelekea katikati, maana kaboni hunyonya mtikisiko. Fremu imeandikwa kuwa mwisho wake ni tairi la mm 32. Nichague magurudumu gani?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza weka chini ufunguo wa spoku. Kama bado hujauzungusha, una bahati. Kama umeshauzungusha, nitakueleza mbele namna ya kurudisha ulivyoharibu.

Ushauri wa kulegeza spoku unanifikia karibu kila wiki, na kila mara umetoka kwa mtu anayesema kwa uhakika mkubwa. Unaaminika kwa sababu unaingia akilini upesi: kamba iliyolegea ni laini, iliyokazwa ni ngumu. Lakini spoku si kamba ya kitanda. Ugumu wa gurudumu unatokana na unene wa spoku, idadi yake, urefu wake na umbo la ringi. Mkazo haumo. Spoku iliyokazwa kwa kilo 60 na iliyokazwa kwa kilo 110, ukiziongezea kila moja kilo 10, zitarefuka kiasi kilekile. Hivyo ukilegeza robo mzunguko, ulaini unaoupata ni sifuri. Unachokipoteza ni akiba.

Akiba hiyo kazi yake ni hii. Gurudumu linapobeba mzigo, spoku zilizo chini, karibu na pale tairi linapogusa barabara, hupungukiwa mkazo kwa muda mfupi, kisha hukazika tena zikishapita. Gurudumu lako lina mzingo wa mita 2.1 hivi, kwa hiyo katika kilomita 160 linazunguka mara 76,000, na kila spoku inalegea na kukaza mara hizo zote. Ikiwa ilianza na mkazo wa kutosha, hupungua bila kufika sifuri. Ukiilegeza mwenyewe, inafika sifuri kila ikipita chini, au kila ukigonga shimo. Hapo nati yake inaanza kujifungua polepole, na kiwiko cha spoku, pale inapopindia kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kinatikisika ndani ya tundu lake. Chuma kinachopindwa hivyo mara elfu nyingi huchoka na kukatika. Spoku nyingi hukatikia hapo kwenye kiwiko, na mwenye baiskeli hulaumu ubora wa chuma.

Robo mzunguko inasikika kama kitu kidogo. Nati ikizunguka kiasi hicho inasogea kama sehemu ya kumi ya milimita. Sasa kumbuka kwamba spoku iliyokazwa sawasawa haijarefuka hata milimita moja kamili, kwa hiyo sehemu ya kumi si ndogo hata kidogo. Hali ni mbaya zaidi kwenye gurudumu la nyuma, kwa kuwa spoku za upande wa kushoto huwa na mkazo unaokaribia nusu tu ya zile za upande wa kaseti, yaani wa gia za nyuma. Ukilegeza zote kwa usawa, za kushoto ndizo zinazokwisha kwanza. Kwenye gurudumu la mbele la diski mambo yamegeuka: za upande wa diski ndizo zilizokaza zaidi, na wanyonge wako kulia. Na usisahau kwamba kwa breki za diski, nguvu yote ya kusimamisha baiskeli inatoka kwenye habu kwenda kwenye ringi kwa kupitia spoku hizohizo.

Ulaini, basi, unatoka wapi? Chukulia gurudumu na tairi kuwa springi mbili zilizopandana. Zikibebeshwa mzigo mmoja, iliyo laini ndiyo inayobonyea. Ukikaa juu ya baiskeli, tairi linabonyea milimita kadhaa. Ringi, spoku na habu kwa jumla hazifikishi hata nusu milimita. Hata kama mtu angeweza kukutengenezea gurudumu lenye ulaini mara mbili ya hili, usingelitambua ukiwa umefumba macho. Hapohapo ndipo lilipo jibu la magurudumu ya kaboni. Ringi yenye kina cha mm 50 ni ngumu zaidi kwenda juu na chini kuliko ringi fupi, iwe ya kaboni au ya alumini. Kina hicho kina faida yake, nayo ni kukata upepo kwa mwendo wa kasi. Hasara yake utaikuta upepo ukivuma wa ubavuni: gurudumu la mbele linasukumwa, nawe unashikilia usukani kwa nguvu saa nzima. Kwa mtu ambaye mikono yake tayari inakufa ganzi, hiyo ni kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Kinachokutesa wewe ni psi 110. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu kabisa. Si kipimo ulichoandikiwa na daktari. Najua umeambiwa tairi gumu ndilo jepesi. Kwenye sakafu laini kama kioo kuna ukweli fulani. Barabara halisi ina kokoto, viraka na nyufa, na tairi lisilobonyea huinua baiskeli nzima pamoja na mwili wako kwenye kila kokoto. Nguvu ya kuinua hivyo inatoka miguuni mwako, kisha inapotelea kwenye nyama za mikono na mgongo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gurudumu lolote, badilisha matairi. Ringi zako za mm 17 zinabeba tairi la mm 28 au 30 bila shida. Chagua lenye ngozi nyepesi inayokunjika kirahisi mkononi; yale yenye mkanda mnene wa kuzuia miiba hupunguza pancha kweli, lakini ni magumu hata upepo ukiwa mdogo. Kwa uzito wako wa jumla wa kilo 95, anza na haya:

Tairi la mm 28: mbele psi 70, nyuma psi 75.
Tairi la mm 30: mbele psi 62, nyuma psi 67.
Tairi la mm 32: mbele psi 55, nyuma psi 60.

Hapo ni pa kuanzia tu. Pita njia ileile unayoijua vizuri, kisha punguza psi 3 kwa kila jaribio. Utafika mahali ambapo ringi inagonga kwenye kingo kali au tairi linayumba ukikata kona. Rudisha psi 5, kisha iandike namba hiyo. Tumia kipimo kimoja siku zote, maana vipimo vya pampu hutofautiana, na kinachokufaa ni kipimo kinachosema jambo lilelile kila asubuhi, hata kama si sahihi kabisa.

Pima nafasi pia. Tairi lililoandikwa mm 30 halina lazima ya kuwa mm 30. Kila milimita moja unayoongeza kwenye upana wa ndani wa ringi hulitanua tairi kwa kama milimita 0.4, na tairi jipya huendelea kutanuka kidogo likishakaa na upepo siku moja au mbili. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, baada ya hapo. Bakiza angalau milimita 4 kila upande kati ya tairi na fremu, na usisahau foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Ukitoka ringi ya mm 17 kwenda ya mm 21, tairi la mm 32 linaweza kupita kikomo cha fremu yako. Ndiyo maana ningekushauri la 30.

Ikiwa baada ya hayo bado unataka magurudumu mapya, na si vibaya kuyataka, tafuta haya. Upana wa ndani mm 21, kina cha mm 25 hadi 35, alumini au kaboni ni uamuzi wako. Spoku 24 mbele na 28 nyuma zinakutosha. Ukibeba mizigo, weka 28 na 32. Chagua spoku zilizopunguzwa unene katikati, mm 2.0 kwenye ncha na mm 1.8 katikati, kwa sababu hurefuka zaidi kwa mkazo uleule na hivyo huchelewa kufika sifuri. Usihangaike na gramu. Gramu 200 ulizopunguza ni kama robo ya asilimia moja ya uzito wako wote, na ukiwa kwenye mwendo usiobadilika hutaziona.

Kuhusu ringi zisizo na kulabu, zile ambazo ukuta wake wa ndani ni mnyoofu: kikomo chake ni bar 5, yaani psi 72.5, zinataka tairi lililotengenezwa kwa ajili yake tu, na kwa kawaida lisipungue mm 28. Kwa kilo 95 na tairi la mm 28 utakuwa juu ya kikomo hicho au umekigusa. Tairi likichomoka kwenye ringi ukiwa unateremka mlima, hakuna ujanja wa usukani utakaokuokoa. Chukua zenye kulabu.

Kabla ya kulipa, hakikisha ekseli zinalingana na fremu (za siku hizi ni mm 12 kwa 100 mbele na mm 12 kwa 142 nyuma), kaseti yako inaingia kwenye habu hiyo, na diski ni za aina ileile, boliti sita au za kufungwa katikati. Kuhusu tairi zisizotumia tyubu, zinakuruhusu kushusha upepo bila kuogopa tyubu kubanwa na ringi na kutobolewa matundu mawili. Kila tairi linataka mililita 30 hadi 45 za dawa ya kuziba, na dawa hukauka, kwa hiyo uikague kila baada ya miezi mitatu. Ukibaki na tyubu, hakuna aibu.

Mikono yenyewe, angalia tandiko. Likiwa limeinamia mbele hata kidogo unateleza, na uzito wote unahamia viganjani. Hapo hata tairi la mm 40 halitakufaa.

Sasa niwaambie na wengine wanaosoma. Waganga njaa wa baiskeli wana dawa nyingi, na karibu zote zinagusa gurudumu kwa sababu gurudumu linaonekana. Kuna anayelegeza spoku. Kuna anayezipunguza idadi, eti baiskeli iwe nyepesi na laini. Kuna anayebandika nembo kwenye ringi ya kaboni isiyojulikana ilikotoka na kuiita daraja la juu. Na kuna fundi anayenyoosha ringi kwa kutazama tu kama inacheza kushoto na kulia. Akimaliza, gurudumu limenyooka kabisa, lakini spoku moja ina mkazo mara mbili ya jirani yake. Gurudumu la namna hiyo linapendeza siku ya kwanza, na baada ya wiki linaanza kupinda. Anayekushauri kugusa spoku, muulize swali moja: mkazo wake sasa ni kilo ngapi? Asiyeweza kukujibu hana kipimo, na asiye na kipimo anabahatisha kwa kutumia meno yako ya mbele.

Kwa aliyekwisha kulegeza: kama una hakika ulizungusha robo kila nati, rudisha robo kila nati, ukianzia kwenye tundu la valvu ili usipotee hesabu. Kila unapokaza, pitiliza kidogo kisha rudisha, kwa sababu spoku hujinyonga pamoja na nati na itajinyongoa ukishaanza safari. Zikamue mbilimbili kwa mkono, kuzunguka gurudumu lote, halafu kagua tena. Za upande mmoja ukizigusa kwa kucha zitoe mlio unaokaribiana. Upande wenye mkazo mkubwa kwa kawaida huwa kati ya kilo 100 na 120, lakini kikomo cha mtengenezaji wa ringi ndicho cha kufuata. Kama huna hakika ulizungusha kiasi gani, peleka kwa fundi mwenye kipima mkazo, kisha likaguliwe tena baada ya kilomita 150 hivi.

Na kama spoku moja imeshakatika baada ya kuendesha ikiwa imelegea, unaweza kubadilisha hiyo moja. Ikikatika ya pili upande uleule ndani ya mwezi, acha kubadilisha mojamoja. Zilizobaki zimechoka pamoja nayo. Ng'oa za upande huo zote, weka mpya, na ringi ikiwa haijapasuka kwenye matundu ya nati, itakufaa bado.