Oud yako inanuka zizi? Usiitupe kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu mafuta ya manukato, kwamba umenunua kachupa ka oud, yaani mafuta ya udi, hapo mjini Arusha, ukapaka asubuhi, wife akakwambia unanuka zizi, afu kufika saa nne ofisini husikii kitu tena na sasa unataka kujua kama umepigwa na bora urudi kwenye spirei zako. Nimesoma majibu ya wadau hapo juu, wengi wanakucheka tu. Ngoja nikujibu mie maana haya mambo yananila hela mwaka wa saba huu, na kupigwa nimepigwa kweli kweli, kwa hiyo nakujua kupigwa kunavofanana.

Mimi ni dereva wa watalii. Ndani ya Land Cruiser tunakaa watu sita saba, siku nne au tano, na tukishaingia barabara ya vumbi kushuka Serengeti vioo vinafungwa. Zamani nilikuwa mtu wa spirei, najimwagia asubuhi pale nyumbani Sakina kama naenda harusini, mpaka siku moja mgeni wangu mmoja, mmama mtu mzima, akaanza kupiga chafya Makuyuni akaja kunyamaza Mto wa Mbu. Hakunilaumu, aliomba tu kwa ustaarabu kama naweza kufungua kioo kidogo. Niliona aibu aisee. Na kazi yetu hii kutonukia kabisa nako hakuwezekani, siku ya tatu porini na jasho lile lazima upake kitu.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja ana kaduka kadogo maeneo ya Bondeni, anauza kofia, kanzu, ubani, udi wa kufukiza na mafuta kwenye vichupa anapima kwa tola. Tola moja ni gramu 11 na ushee, wengi wetu tunanunua robo. Mara ya kwanza nimefika mbiombio, nikanusa vifuniko kama vitano hivi, nikamwambia mzee nipimie hii. Akakataa. Akachukua kijiti cha kioo, akanigusisha tone moja nyuma ya mkono, akasema, "Mwanangu, hiyo unayoisikia sasa hivi sio yenyewe. Nenda kafanye shughuli zako, rudi baada ya alasiri." Nikajua mzee hana shida na hela. Nimezunguka mpaka Kilombero nikanunua nyanya na vitunguu, nikapeleka gari kuosha, saa kumi nanusa mkono, nakuta kitu kingine kabisa, laini, kitamu, kama mbao mpya imepakwa asali. Nikarudi. Na tangu siku hiyo sijawahi kununua mafuta kwa kunusa kifuniko, isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili nilijuta.

Sasa kwa nini saa nne huyasikii. Spirei ina spiriti nyingi, ile spiriti ikiruka inaibeba harufu inaitupa hewani, ndo maana mtu akipita koridoni unajua kapita nani. Mafuta hayana spiriti. Yanakaa pale pale kwenye ngozi yanasubiri joto la mwili, harufu inatoka kidogo kidogo, haifiki mbali. Aliye mita mbili haisikii, anayekusalimia kwa kukukumbatia ndo anaipata. Kwa hiyo kama ulitegemea ofisi nzima ijue umefika, utaona umeibiwa. Jingine ni pua yako yenyewe, inazoea inaacha kukupa taarifa. Muulize mtu mwingine kabla hujaongeza, kuna siku mimi niliongeza mara tatu nikidhani imekata, wife akafungua madirisha yote sebuleni bila kusema neno.

Afu kuna hali ya hewa, na hili wadau wengi hawalizungumzii kwa sababu reviu tunazosoma zimeandikwa na watu wa Dubai huko. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, mwezi wa saba asubuhi unavaa koti, na mafuta mazito kwenye ngozi ya baridi yanalala tu. Moshi mjini wako chini zaidi, mita 900 hivi hata hazifiki vizuri, joto lao unalijua. Nimelifanyia majaribio hili mara nyingi kwa sababu kwetu ni Kibosho, naendaga kila mwisho wa mwezi nikiwa sina safari. Napaka oud asubuhi Sakina, kimya. Usa River kimya. Nikikaribia Boma Ng'ombe, na jina lenyewe hilo, ndo inaamka! Zizi kabisa, na konda wa Coaster ananiangalia.

Siku ya kwanza nimefika nyumbani nayo, bibi yangu nimempa shikamoo, kanishika mkono, kauvuta puani, akaniuliza, "Mjukuu wangu, umeanzia bandani kwa ng'ombe kabla ya kuja kunisalimia?" Watu wakacheka pale. Nikanyamaza nikala ndizi zangu. Usiku tumekaa jikoni, moto unawaka, bibi yuko pembeni yangu anamenya maharage, akanyanyua kichwa akauliza ni nini kinanukia vizuri hivi, nani kaleta udi. Hakuna aliyeleta udi. Ni mkono ule ule, tone lile lile la asubuhi. Asubuhi kunuka, jioni kunukia, kwa bibi yule yule!

Hiyo harufu ya zizi ina sababu zake. Oud inatoka kwenye mti wa huko Asia ambao ukiumia ukaingiwa na kuvu unatengeneza utomvu mweusi ndani ya mbao, kama kujitibu, na hiyo mbao nyeusi ndo mali. Mti ambao haujaumia hauna thamani hiyo. Kule Assam, India, kwa mtindo wao wa zamani wanazisaga hizo mbao wanaziloweka kwenye maji hata wiki kadhaa kabla ya kuzichemsha, zinachacha, na kule kuchacha ndo kunaleta zizi, ngozi mbichi, wengine wanasikia jibini. Inayotokea Kambodia mara nyingi ni tamu tamu, kama matunda yaliyoiva sana, inafaa kwa mtu anayeanza. Na kwa vile miti hii imevunwa hovyo, biashara yake siku hizi inadhibitiwa kimataifa, kwa hiyo oud tupu ya elfu kumi haipo mkuu. Mzee wa Bondeni mwenyewe halifichi hili, ana chupa anakwambia hii imechanganywa, hii ya kiwandani, afu anafungua droo anakuonyesha kachupa kama ka dawa ya macho, mililita 3, bei ya mbuzi. Nilinunua hiyo ya mbuzi mara moja. Nimeificha.

Ila kama ungeniuliza niokoe chupa moja nyumba ikiungua nisingebeba oud. Ningebeba mitti. Hii inatoka Kannauj, mji wa India unaotengeneza ituri, yaani mafuta ya manukato kama haya, kwa karne na karne. Wanachukua udongo uliochomwa, wanautia kwenye sufuria kubwa la shaba pamoja na maji, wanaziba mdomo kwa udongo wa mfinyanzi, wanakoka moto chini, mvuke unapita kwenye bomba la mwanzi mpaka kwenye chombo kingine kilicholazwa majini ambacho ndani kina mafuta ya msandali, na yale mafuta yanaibeba harufu. Kinachotoka ni mvua. Sio maua, sio viungo, ni ile harufu ya matone ya kwanza yakipiga vumbi. Wanasayansi wawili wa Australia waliipa harufu hiyo jina lake la kitaalamu mwaka 1964, na hao wahindi walikuwa wanaiuza kwenye chupa zamani tu.

Niliipaka Januari moja hivi, jua kali, nimepanda kifodi natokea Ngaramtoni kuja mjini. Tumebanana kama kawaida. Pembeni yangu mama mmoja na kapu lake la parachichi, nimenyanyua mkono kushika bomba, ghafla namsikia anamuuliza mwenzake, "Hee, kwani huko juu imenyesha?" Mwenzake akachungulia dirishani. Konda naye akachungulia. Vumbi jeupe mpaka kwenye migomba. Nikakaa kimya mpaka nashuka, ningeanza kueleza ningeonekana mwehu.

Ubaya wa mitti haikai, masaa mawili matatu inabaki msandali peke yake. Sio kwamba msandali ni mbaya.

Na hapo kwenye msandali niseme kitu. Ukiona mtu wa mtaani anakuuzia mafuta ya msandali wa hapa kwetu kaskazini, achana nayo. Ule wetu ni mti tofauti na wa India, mafuta yako kwenye kiini na mizizi kwa hiyo wanaung'oa wote, hauchipui tena, na tangu 2013 nao uko kwenye orodha ya kimataifa ya miti inayodhibitiwa. Kesi yake sio ya kuendea mahakamani kwa ajili ya kunukia.

Kupigwa kwangu sasa. Kuna kijana aliniuzia "miski ya paa original" stendi. Miski ya kweli inatoka kwa paa dume wa milima ya Asia, mnyama analindwa, ni ghali kuliko unavyoweza kufikiri, itafikaje stendi kwenye chupa ya roloni? Ilikuwa mafuta ya kupikia na harufu ya sabuni. Miski karibu zote tunazopaka leo ni za maabara na wala sio mbaya, nyeupe ile inanukia nguo safi, nzuri kwa ofisi yako. Ila kuna watu pua zao hazizisikii baadhi ya miski kabisa, ndo walivyozaliwa. Mimi kuna moja nilimtukania muuzaji moyoni wiki nzima kumbe nyumba nzima wanaisikia kasoro mimi.

Lingine sio kupigwa, ni ujinga wangu tu. Nililetewa mafuta ya karafuu kutoka Pemba, masafi, yale wanayopata kwa kuchemsha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Nikaona kwa nini nisipake kama manukato, nikajigusa chini ya shingo matone mawili matatu, nikavaa shati nikaenda kupokea wageni KIA. Kufika Usa River panawaka kama nimepakwa pilipili, nimesimama na kibao cha jina la mgeni huku nimepanua kola kama mlevi. Yale yanatakiwa yachanganywe na mafuta mengine, tena kidogo sana. Na yenye limao au bergamoti usiyapake shingoni ukakae juani, kuna ambayo yakipigwa na jua yanaacha madoa meusi. Dashibodi pia usiiweke chupa, halwaridi yangu, mafuta ya waridi, ilishinda pale siku mbili ikawa inanuka siki.

Kupaka nimefundishwa na shemeji yangu wa Tanga, ambaye anasema sie wa bara tunapaka oud kama tunapaka grisi. Yeye kwanza anafukiza nguo kwenye chetezo, afu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, anapaka mafuta ya mgando kidogo, ndo juu yake tone moja la ituri nyuma ya sikio na moja kwenye kiwiko kwa ndani. Hasugui. Mimi nilikuwa nasugua viganja kama nawasha moto. Na kwa juu ya oud yake anaweka asumini au langilangi, ile wanayochemsha Komoro, anataka ile inayotoka mwanzo kabisa wa kuchemsha, wanaiita ekstra, hiyo ya mwisho mwisho anasema ni ya sabuni. Amenusa mkono wangu mara moja tu akaniambia, "Shem, oud nzuri, lakini umeivaa peke yake kama suruali bila mkanda." Nikaongeza halwaridi. Kweli ikakaa.

Turudi kwako. Kesho usipake shingoni wala kwenye shati, doa lake halitoki. Gusa tone moja nyuma ya mkono saa moja asubuhi, usiongeze, na wife asinuse mpaka jioni. Jioni mpe mkono bila kumwambia kitu. Akisema bado zizi, au hakuna kitu kabisa, basi ulipigwa na pole. Ila kusema ukweli mafuta ya kugushi niliyokutana nayo mimi hayanukagi zizi, yananuka waridi la sukari na dawa ya hospitali, kwa sababu anayegushi anataka upende hapo hapo dukani ukiwa umeshika hela. Hiyo yako iliyomkera wife asubuhi asubuhi inanitia wasiwasi, wasiwasi mzuri.

Ulinunua duka gani, na ulilipa shingapi? Na kama wife ameshasema itoke ndani ya nyumba, usimwage, nicheki PM, niko mjini mpaka Alhamisi.